Watu 22, anwani moja: siku chumba cha IRC kilipolifungia darasa zima

Majina ya watu, chuo, mradi na mtandao wenyewe nimeyaondoa, na lakabu zote nimezibadilisha. Mfuatano wa matukio nimeuacha kama ulivyo kwenye daftari langu la siku ile, pamoja na makosa yangu.

Usuli

Kikundi chetu hutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Mradi tunaoutafsiria hauna ofisi. Watu wake hukutana kwenye IRC, vyumba vya maandishi matupu visivyo na picha, sauti wala alama za tiki mbili. Itifaki hiyo, yaani kanuni za mashine kuzungumza, ni ya zamani. Jarkko Oikarinen aliianzisha Agosti 1988 katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, na kanuni zake zikaandikwa rasmi Mei 1993 katika waraka wa RFC 1459. Wengi wa washiriki wetu walikuwa hawajazaliwa.

Kwa mtumiaji wa bando dogo, uzee huo una faida. Ujumbe mmoja wa IRC hauzidi baiti 512, ukihesabu na anwani zake na alama za kumaliza mstari. Unaweza kukaa chumbani kutwa nzima kwa data ambayo picha moja ya harusi kwenye grupu la WhatsApp ingeimaliza. Ndiyo maana hatukuona haja ya kubishana na mradi kuhusu chombo chao.

Siku ya mafunzo walikuja washiriki 22, wengi wanafunzi wa kompyuta, wachache walimu wa sekondari. Tuliazima maabara ya chuo kimoja cha mkoani, Tanzania. Mashine zote zilitoka nje kupitia ruta moja, kwa hiyo ulimwengu wa nje uliziona zote kama anwani moja ya IP, ile namba inayoutambulisha muunganisho kwenye intaneti. Na zote, zikitumia mfumo wa Linux, zilifunguliwa kwa akaunti ileile iliyoitwa "mwanafunzi". Haya mawili niliyajua tangu siku niliyokwenda kukagua maabara. Sikuyapa uzito wowote.

Mlezi wetu ni Mtanzania anayeishi Kanada, saa 7 nyuma yetu. Chumba tulichotumia kilisajiliwa kwa jina lake, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na alama ya @, yaani mamlaka ya kutoa watu, kufungia na kubadilisha mada. Alikubali kukesha nasi saa za mwanzo.

Seva inamjuaje mtu

Sehemu hii nilipaswa kuwafundisha washiriki kabla hawajagusa kibodi. Sikuifundisha.

Ukiingia IRC, seva inakutambua kwa kitu chenye vipande vitatu: lakabu, kisha alama ya mshangao, kisha jina la mtumiaji, kisha @ na anwani unayotokea. Kwa mfano neema!~mwanafunzi@ ikifuatiwa na anwani ya IP. Lakabu unaichagua mwenyewe na unaweza kuibadilisha wakati wowote. Jina la mtumiaji programu yako hulichukua kwenye kompyuta usipolijaza, na kile kiwimbi cha ~ ni seva inasema "hili nimeambiwa tu, sikulithibitisha". Anwani huichagui. Hivyo kwa msimamizi wa chumba anayetaka kumzuia mkorofi, kipande cha maana ni anwani, kwa sababu ndicho pekee ambacho mkorofi hawezi kukibadilisha kwa sekunde mbili.

Akaunti zenye nywila zipo, lakini hazimo katika itifaki ya 1993. Ni huduma zilizojengwa juu yake baadaye, na mtumiaji huongea nazo kama anavyoongea na mtu: roboti moja, yaani programu inayojiendesha, hutunza lakabu, nyingine hutunza vyumba. Anayetoka WhatsApp, ambako namba ya simu ndiyo wewe, hapa lazima apotee. IRC haina "wewe". Ina waya uliofunguliwa, na jina lililobandikwa juu yake.

Yaliyotokea

*Saa 3:00 asubuhi.* Watano wa kwanza waliingia. Wa sita akakataliwa, na wa saba, na wote waliofuata. Ujumbe ulisema miunganisho kutoka anwani hiyo imezidi. Mitandao mingi ya IRC huweka kikomo cha namna hii kwa sababu mtu mmoja mwenye roboti mia anaweza kuvuruga vyumba vyote, na kwa seva, darasa na jeshi la roboti vinafanana: vingi, kwa mpigo, kutoka mahali pamoja.

Nilijaribu kwanza hotspoti za simu. Tukapata watu saba zaidi, kisha simu ya pili ikaanza kukataliwa vilevile. Huenda kampuni ya simu ilikuwa imeshawaweka wateja wengine kwenye anwani hiyohiyo, jambo la kawaida kwenye data za simu. Nikaamua kuingia chumba cha msaada cha mtandao wenyewe wa IRC na kueleza kwamba sisi ni darasa. Msimamizi wa zamu aliuliza maswali mawili, akatupandishia kikomo hadi 25 kwa siku hiyo. Saa 3:45 wote walikuwa ndani kupitia ruta ya chuo. Nilijiona nimemaliza.

*Saa 4:00.* Zikaanza lakabu. Wawili waliandika "baraka" na wa pili akapata namba 433, maana yake jina lina mtu. Mmoja ambaye jina lake la ukoo lina ng' alikataliwa kwa namba 432: kile kialama cha juu (') hakiruhusiwi katika lakabu, wala nukta, kwa hiyo hata "Mwl.Rehema" alilazimika kuiacha nukta yake. Ajabu ni kwamba mabano kama { na [ yanaruhusiwa, na itifaki inayahesabu kuwa herufi ndogo na kubwa za kitu kimoja. Ni alama ya kuzaliwa: katika msimbo wa kompyuta za Skandinavia za wakati ule, nafasi za mabano hayo zilikaliwa na herufi za lugha zao. Ng' yetu haikuwa mezani.

Kijana nitakayemwita K alichagua "simba". Likakubaliwa. Asichojua ni kwamba mtu mwingine duniani alishalisajili jina hilo. Roboti ya lakabu ilimwandikia kwamba ana sekunde 30 za kutoa nywila, ila ilimwandikia kwa Kiingereza, kwenye dirisha jingine la programu yake, wakati yeye anaangalia chumba. Sekunde zikaisha, akabadilishwa jina kuwa Guest na tarakimu tano. Hakuona hata hilo.

*Saa 4:20.* Niliwaambia kila mmoja aonyeshe chumbani sentensi moja aliyotafsiri. K alinakili faili lake zima, mistari 38, akabandika. Seva za IRC humpa mtumiaji nafasi ya mistari michache ya haraka, kisha humtaka aende polepole. Akizidi sana, humkata. Alikatwa. Programu yake ikamrudisha yenyewe, ikadai "simba" tena, roboti ikambadilisha tena, safari hii kuwa Guest mwenye tarakimu nyingine. Akabandika tena.

Sasa jiweke mahali pa mlezi, saa 9:20 usiku, macho mekundu. Unaona Guest mmoja anamwaga mistari na kupotea, halafu Guest mwingine anamwaga mistari ileile. Hiyo ndiyo sura kamili ya roboti ya takataka. Alifanya ambacho msimamizi yeyote mzoefu angefanya: akamtoa, na akafungia anwani kwa *!*@ na ile IP. Nyota mbili za mwanzo maana yake lakabu yoyote, mtumiaji yeyote.

Darasa zima likawa bubu. Halikutolewa, na hapo ndipo mkanganyiko ulipokolea. Aliyefungiwa akiwa tayari ndani hubaki ndani na huendelea kusoma, ila kila anachoandika kinarudi na namba 404, haiwezi kutumwa. Mlezi aliendelea kuandika, sisi tukaendelea kumsoma. Saa 4:30 akaandika: "Naona mmetulia mnafanya kazi, safi sana. Acha nilale kidogo, tutaonana baadaye." Akatoka. Watu 21 walikuwa wanamwandikia kwa pamoja.

*Saa 4:35.* Hapa nilifanya kosa kubwa kuliko yote ya siku ile. Nikasema kwa sauti ya mwalimu: "Tokeni wote, mwingie upya." Kuzima na kuwasha, dawa ya kila kitu. Kufungiwa kunapimwa pia mlangoni. Waliokuwa angalau wanasoma sasa walikutana na namba 474, na chumba kikafungwa kwao kabisa. Nilipoona wa kwanza kumi wamekataliwa nikapiga kelele wengine wasitoke. Walibaki sita ndani.

Mshiriki mmoja, mama mtu mzima, mwalimu wa sekondari, aliuliza: "Sasa mwalimu, tumekosa nini?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa nilikuwa bado nasoma namba.

Maamuzi, na sababu zake

Nilikuwa na njia nne.

Kumpigia mlezi simu. Nilipiga mara tatu, simu ilikuwa kimya. Niliacha kwa sababu ya aibu zaidi kuliko hekima: mtu amekesha kwa ajili yetu.

Kuwaomba wasimamizi wa mtandao waondoe kizuizi. Walinijibu kwa adabu kwamba mambo ya ndani ya chumba ni ya mwenye chumba. Niliwaona wagumu wakati ule. Siku hizi naona wana haki, maana kama wangekuwa wanafungua milango ya vyumba kwa kila anayesema "sisi ni darasa", vyumba visingekuwa na mwenyewe.

Kurudi kwenye hotspoti ili kubadilisha anwani. Hiyo ingewafaa wachache, kwa bando langu.

Ya nne ilinijia saa 5:05, nusu saa nzima nikihangaika, nayo ndiyo rahisi kuliko zote: kufungua chumba kingine. Katika IRC chumba hakiombwi. Unaandika /join na jina lenye # mbele. Kama hakipo, kinazaliwa papo hapo, na aliyeingia wa kwanza anapewa @. Kizuizi kilikuwa cha chumba kile, si cha mtandao, kwa hiyo hakikutufuata. Dakika moja baadaye darasa lote lilikuwa pamoja. Watafsiri wawili wa ng'ambo waliokuwa wakitusubiri kule niliwaita kwa ujumbe wa faragha, ambao nao haukuguswa na kizuizi.

Sikukisajili chumba kipya. Nilisema ni cha leo tu.

*Saa 6:10 mchana.* Umeme ulikatika dakika tatu. Mashine 23, yangu ikiwemo, zilizimika bila kuaga, na seva haikujua. Itifaki ina njia yake ya kujua nani yuko hai: seva hutuma PING, programu yako hujibu PONG, na asiyejibu kwa muda fulani huhesabiwa ameondoka. Kwenye mtandao ule tulisubiri kama dakika 4. Katika dakika hizo vivuli vyetu 23 vilikuwa bado vimekaa chumbani na majina yetu. Tuliporudi, kila aliyepata nafasi alikuta jina lake "lina mtu", na mtu huyo ni yeye mwenyewe. Na kwa kuwa kikomo chetu kilikuwa 25, vivuli 23 viliacha nafasi mbili tu. Nilikuwa mmoja wa hao wawili, ila niliingia na kistari chini mwishoni mwa lakabu na bila @, kwa sababu @ ilikuwa juu ya kivuli changu. Kivuli kilipoanguka, kilianguka nayo. Wageni wetu wawili walikuwa bado ndani, hivyo chumba hakikufa ili kizaliwe upya. Kikabaki chumba kisicho na msimamizi, na mada yake ya asubuhi ambayo hakuna aliyeweza kuibadilisha.

Juu ya hayo, wote waliorudi walikuta dirisha tupu. Nilikuwa nimewaambia asubuhi, "maelekezo yako juu, pandisheni tu." IRC ya kawaida haimwekei mtu kilichosemwa akiwa hayupo. Nilisoma maelekezo yote upya kwa mdomo.

Matokeo

Kati ya 22, waliotuma tafsiri yao ya kwanza siku hiyo ni 13. Wiki iliyofuata waliorudi chumbani kwa hiari yao ni sita, K akiwa mmojawapo. Mlezi alipoamka aliona ujumbe wangu, akaondoa kizuizi, akaomba radhi mara nyingi kuliko ilivyostahili. Jina la kikundi chetu kule halikuchafuka. Msimamizi wa zamu alikuja baadaye kuuliza tumefikia wapi.

Uchambuzi

Wapo waliosema mlezi alikosea. Sikubaliani. Kufungia anwani ni zana sahihi kwa vyumba ambavyo kila mtu anatokea kwake, na vyumba alivyovizoea ni vya namna hiyo. Kwetu hali ni nyingine. Si maabara tu. Kampuni za simu nazo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo kizuizi kilichokusudiwa mtu mmoja wa Mbeya kinaweza kumgusa mwingine wa Kigoma ambaye hawajawahi kuonana. Anayesimamia chumba chenye Waafrika Mashariki wengi afungie kwa akaunti pale mtandao unaporuhusu, au atumie jina la mtumiaji pamoja na anwani. Anwani peke yake iwe mwisho kabisa, na kwa muda.

Lakini hata mlezi angetaka kulenga kwa uangalifu siku ile, asingeweza. Kipande cha kati cha utambulisho wetu kilikuwa ~mwanafunzi kwa kila mtu. Lakabu ya K ilikuwa inabadilika, anwani yetu ilikuwa ya wote, na jina la mtumiaji lilikuwa la wote. Tulikuwa tumejivika sare kutoka kichwani hadi miguuni, halafu tukashangaa askari ametupiga sote. Hilo ni langu. Kujaza kisanduku kimoja katika programu ya kila mashine kungechukua robo saa jioni ya kuamkia mafunzo.

Kikomo kilichopandishwa kilifanya kazi, lakini tazama kilivyogeuka: bila ruhusa ile tungetawanyika kwenye anwani kadhaa, na kizuizi kingewanasa wachache tu. Suluhisho la saa 3:45 ndilo lililotengeneza tatizo la saa 4:20. Sisemi ilikuwa vibaya kuomba. Ilitakiwa kumwambia mlezi: "Sasa wote tunatoka mlango mmoja." Sikumwambia, na yeye hakuwa na sababu ya kuangalia.

Kuhusu mamlaka ya mtu mmoja, nililaumu kimoyomoyo chumba cha mlezi kuwa na @ moja, kisha baada ya nusu saa nikafungua changu chenye @ moja. Ingenigharimu amri moja kumpa mmoja wa wageni wa ng'ambo ile alama, na umeme wao haukukatika.

Kosa la "tokeni mwingie upya" naliweka peke yake. Nilitoa amri kabla ya kusoma namba. 404 ilikuwa inasema wazi kwamba huwezi kutuma, na 474, kwamba huwezi kuingia. Mtu anayesoma ya kwanza anaweza kubashiri ya pili ipo nyuma ya mlango.

Mara ya pili

Miezi mitatu baadaye tulirudia. Maombi ya kikomo yalitumwa wiki moja kabla. Washiriki walisajili akaunti nyumbani, kila mmoja kwa muda wake, na lakabu zilibandikwa ukutani. Watu watatu walikuwa na @, mmoja wao nje ya jengo. Maandishi marefu yaliwekwa kwenye ukurasa wa kubandikia, na kilichokuja chumbani ni kiungo tu. Kituko kilikuwa kimoja: mshiriki aliacha nafasi moja kabla ya mkwaju (/) alipoandika amri ya kumpa roboti nywila, na kwa kuwa mstari haukuanza na mkwaju, programu iliuona ni mazungumzo. Nywila yake ilisomwa na chumba kizima. Hakuna kufuta kwa wote huko. Alibadilisha nywila wakati sisi tunacheka, kisha akacheka naye.

Tatizo la dirisha tupu nililitatua kwa kukodi seva ndogo na kuweka juu yake programu inayokaa mtandaoni badala ya kila mshiriki, ikimtunzia yaliyosemwa mpaka arudi. Nilipomaliza kuwasha akaunti ya sita, mtandao ukaanza kukataa miunganisho. Wote walikuwa wanatokea kwenye seva yangu, anwani moja.

Nikaandika barua ya kikomo kwa mara nyingine, na safari hii kila mmoja nikampa jina lake la mtumiaji, kuanzia ~n01 hadi ~n22. Baada ya kama mwezi, ~n14 alibandika faili zima chumbani. Mlezi akamfungia kwa alama hiyo pamoja na anwani, kisha akaandika: "Mwalimu, hebu sema neno." Nikaandika "nipo". Likapita.